Mikono Mfukoni kwa Inskip

Kaka yangu Reg Fensome alikuwa mtu wa hasira, na sitaki mtu anipambie habari hiyo. Alikuwa na hasira kabla ya chai ya asubuhi na alikuwa nayo baada ya chai ya jioni. Mji mzima wa Luton ulimjua. Lakini nimechoka na watu wanaosimulia habari za magari ya mashindano ya Inskip, wakifika kwa Reg wanamtaja kama yule fundi mkorofi aliyemharibia mtu mbio zake, halafu wanarukia vikombe vya ushindi. Mimi nilikuwepo. Viti vya magari yale nilivishona kwa mikono hii, nikajichoma sindano mpaka nikaacha kuhesabu. Kwa hiyo hadithi hii nitaisema mimi.

Kiwanda kile kilikuwa cha kofia. Mzee Inskip alitengeneza kofia za wanaume, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu tulipata riziki pale, kwenye mvuke na harufu ya sufu iliyolowa. Vita vilipokwisha wanaume wakaacha kuvaa kofia. Hakuna aliyetueleza sababu. Walirudi kutoka jeshini, wakapewa suti na kofia ya kuanzia maisha, suti wakaivaa, kofia wakaiweka juu ya kabati ikaliwa na nondo. Mzee Inskip aliugua kwa mawazo akafa, na kiwanda kikamwangukia mwanawe Desmond, aliyekuwa amerusha ndege za vita na kurudi na masharubu makubwa. Kofia hakuwa na habari nazo. Alichotaka ni kutengeneza gari la mashindano.

Alikuja jikoni kwetu, maana yeye na Reg walicheza pamoja utotoni kabla hawajajua nani ni tajiri. Akala mkate wetu na mafuta ya nyama, akasema anataka gari jepesi kuliko yote Uingereza. Reg alikuwa amejifunza kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha ndege wakati wa vita. Akamuuliza kama anataka jepesi lenye nguvu au jepesi la kijinga. Desmond akacheka. Ndivyo kampuni ilivyoanza, na mtu akikwambia ilianza kwa mchoro wa Desmond Inskip, mwambie mimi, Ivy Fensome, nimesema ni uongo.

Gari la kwanza lilijengwa kwenye chumba cha mvuke, kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu. Chumba kilikuwa na unyevu hata baada ya kuzima mitambo, na chuma alichosafisha Reg jioni alikikuta asubuhi kina kutu, akaanza siku kwa matusi. Injini ilitoka kwenye gari bovu la Austin lililokuwa likilaliwa na kuku huko Toddington. Bodi ilipigwa juu ya umbo la mbao alilolichonga mzee Odell, ambaye maisha yake yote alichonga vichwa vya mbao vya kufinyangia kofia. Ukimwambia mtu kama huyo akuchongee pua ya gari, kwake ni kichwa kingine, kikubwa kidogo. Kiti nilikishona mimi kwa ngozi ile tuliyokuwa tunaizungushia ndani ya kofia.

Likashinda. Lilishinda mwaka uleule, kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi ulioachwa, marobota ya nyasi kavu yakiwa yamepangwa kwenye kona na mvua inanyesha kama kawaida. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuja kuagiza ya kwao.

Hapo ndipo kodi ilipoingia, na kodi ndiyo iliyoleta balaa lote. Gari zima likiuzwa, serikali ilidai kodi kubwa ya ununuzi. Lakini mtu akinunua vipande akajiunganishia mwenyewe nyumbani, kodi ile haikuwepo. Kwa hiyo Desmond akaanza kuuza magari ndani ya masanduku, fremu huku, magurudumu kule, nati kwenye mifuko ya karatasi. Sharti lilikuwa mnunuzi asisaidiwe na mtu wa kiwandani. Akisaidiwa, gari linahesabiwa limejengwa na sisi, na kodi inadaiwa. Afisa wa kodi, Bwana Croxford, alikuwa akipita kutuchungulia, kichwani amevaa kofia ngumu ya kiwanda chetu wenyewe. Niliijua mishono yake.

Desmond akatoa amri. Mafundi walikwenda kuwaona wateja, kupeleka masanduku au kupokea maagizo mapya, na kwenye banda la mteja mafundi wanaingia na mikono mfukoni. Hakuna kugusa, hakuna kuelekeza. "Mikono mfukoni," alisema kila asubuhi, na mafundi wakawa wanaitania, hata wakienda chooni. Reg hakuitania. Alikuwa fundi anayeanza kitu na kukimaliza, na kupeleka gari likiwa vipande kwa mtu asiyejua kushika spana aliona ni sawa na kumpa mtu mtoto mchanga kisha umgeuzie mgongo. Walizozana juu ya jambo hilo mpaka kuta zikachoka. Desmond alimshinda kila alipotaja wanawake wa kiwanda, kwamba kodi ikidaiwa kwa magari yote yaliyouzwa sisi wote tutamwaga unga. Reg akanitazama, akameza maneno.

Mteja wa Bedford alikuwa mwenye bucha, Bwana Tebbutt, mtu mcheshi mwenye vidole kama soseji zake. Reg na Desmond walikwenda kumwona wiki ya mashindano. Gari lilikuwa tayari, limepakwa rangi. Reg akaona kwamba kitovu cha gurudumu la kushoto kimefungwa kulia na cha kulia kushoto. Magurudumu yale yalikuwa na nati moja kubwa katikati, iliyokatwa hesi ili gari likikimbia izidi kujikaza. Ukibadilisha pande, gari likikimbia inajifungua. Tebbutt alikuwa ameingia ndani kuchemsha maji ya chai. Reg akatoa mkono mfukoni, Desmond akamshika mkono wa koti. Desmond alimwambia hata kumwambia mtu ni kumsaidia, na Croxford alikuwa Bedford juzi tu. Aliahidi kwamba kesho yake atampigia simu rafiki wa Tebbutt wa chama cha magari, ili huyo rafiki ajifanye kosa ameligundua yeye mwenyewe.

Reg akanywa chai ya yule mtu, akala keki yake, akarudi nyumbani. Simu haikupigwa. Desmond alikwenda London kula chakula na mteja mkubwa akasahau. Jumamosi gurudumu la Tebbutt lilichomoka kwenye kona, likaenda peke yake uwanjani, na gari likabiringika. Alikufa kabla hawajamtoa.

Uchunguzi wa kifo ulisema marehemu alilijenga gari mwenyewe na kulikosea mwenyewe, na kampuni haina lawama. Hata sasa nikiyasema maneno hayo damu yangu inachemka. Kwenye matanga, watu wakiwa na sahani za nyama baridi na vikombe vya chai, Desmond alimwambia mjane jinsi anavyosikitika. Reg alikuwa kando ya dirisha. Akasema, si kwa kelele, lakini chumba kizima kilisikia, "Tulisimama mbele ya gari lake na mikono mfukoni, mama. Sote wawili." Kwetu sisi watu hawasemi hivyo matangani. Kasisi alikohoa, mtu akauliza kama sukari imekwisha, na mjane akabaki anamtazama Reg bila kuelewa. Nilimtoa nje nikimvuta. Usiku ule hakula.

Watu wanasema Reg alizaliwa na hasira, na ni kweli. Ila ile aliyotoka nayo Bedford haikuwa ileile. Ile ya zamani ilikuwa ya makelele, ikipita unaweza kumwomba chumvi. Hii ya pili ilikuwa kimya, na kama ulimjua uliiogopa.

Mwaka uliofuata alitumwa Hitchin kumpelekea sanduku la gia mteja aitwaye Leonard Whinnett, mwalimu wa hisabati, kijana mwenye miwani na majivuno. Mkewe Beryl alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia. Reg akachungulia chini ya pua ya gari na kuona kwamba nati inayoshika fimbo ya usukani haina pini. Ile pini ni kitu kidogo kuliko kucha, inapita katikati ya bolti ili nati isilegee kwa mtikisiko. Nati ikitoka, dereva anazungusha usukani na magurudumu hayana habari.

Safari hii hakunyamaza. Alimwambia papo hapo, amri ya Desmond ikapotelee mbali. Whinnett akacheka, akasema anajua, ataiweka, bado hajafika huko. Reg akasema aiweke sasa, yeye yupo anaangalia. Mwalimu akakunja uso. Alisema anajenga gari hili mwenyewe, kila nati, na akiulizwa kama amesaidiwa anataka ajibu hapana na iwe kweli. Reg alirudi nyumbani akaniambia mambo hayo huku anakata viazi kana kwamba vimemkosea.

Siku ya mashindano nilikuwepo, na chupa yangu ya chai na mikate. Uwanja ulikuwa upande wa Northampton, upepo unakata masikio. Whinnett alikuwa ameshafunga pua ya gari kwa skrubu na kuing'arisha. Beryl alikaa kwenye kiti cha kukunja amejifunika blanketi. Na hatua chache pembeni, nani alikuwa amekuja kujiburudisha, na darubini na mkate wake wa yai? Bwana Croxford wa kodi. Hakuwa kazini. Mtu yule alipenda mashindano ya magari kuliko mkewe.

Reg akaenda moja kwa moja kwa Whinnett. "Pini uliweka?"

"Nadhani niliweka," akasema Whinnett, anavaa glavu.

"Unadhani?"

"Bwana Fensome, nina mambo mengi kichwani. Niliweka. Nina hakika karibu kabisa."

"Fungua pua tuangalie."

Whinnett akasema hakuna muda, magari yanaitwa kupanga mstari, na kwamba amechoka kufuatwafuatwa na fundi kama mtoto wa shule. Desmond akaja mbio, tabasamu limeganda usoni kwa ajili ya watu, sauti ya chini kwa ajili yetu.

"Fensome. Mikono mfukoni."

"Desmond, hana hakika."

"Croxford yuko pale. Ukigusa skrubu moja, kesho anakuja kufukua kila gari tulilouza. Unataka kufunga kiwanda? Unataka Ivy na wenzake wakale wapi?"

Reg akanigeukia. Nasema kweli tupu, kazi niliitaka. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mama mgonjwa kitandani. Lakini nilimwangalia Beryl, ambaye alikuwa ameacha kunywa chai na kikombe kimesimama hewani, na nikamwambia kaka yangu, "Mimi usiniangalie. Fungua."

Akatoa mikono mfukoni. Alikuwa na bisibisi ndani ya mkono wa koti muda wote, mjinga yule. Akapiga magoti kwenye majani akaanza kufungua skrubu. Whinnett alimvuta bega, Reg akamsukuma kwa kiwiko bila hata kumtazama. Bwana wa bendera akaita namba ya gari, akaita tena, kisha akaondoka zake. Watu wakaanza kusogea. Injini za wenzake zikanguruma, bendera ikashuka, mbio zikaondoka na sisi tumebaki pale na skrubu kwenye majani.

Reg akainua pua ya gari, akaingiza kichwa.

Pini ilikuwepo. Ilikuwa imepita katikati ya bolti kama inavyotakiwa, miguu yake imekunjwa vizuri kila upande, kazi safi ya mwalimu wa hisabati.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Whinnett akavua glavu akazitupa chini, analia kwa hasira, mtu mzima na miwani yake. Reg alibaki amepiga magoti. Aliishika ile pini kwa vidole viwili, akaivuta kidogo kuhakikisha, akairudisha pua mahali pake akaanza kufunga skrubu, zote, bila haraka. Croxford akasogea, bado anatafuna. Akauliza kama Bwana Fensome ni mwajiriwa wa kampuni na kama amefanya kazi kwenye gari la mteja. Reg akamjibu ndiyo na ndiyo. Desmond akamfukuza kazi palepale, kwa sauti ya kutosha Croxford asikie, na akaniambia mimi nisipande gari la kampuni kurudi kama nina maoni. Nilikuwa nayo, nikampa vidonge vyake mbele ya watu wote, kuanzia simu ambayo haikupigwa. Tulirudi kwa treni.

Sasa sikiliza kinachonichoma mpaka leo. Kodi ilidaiwa kwa gari moja tu, lile la Whinnett. Desmond akalipa, akanung'unika wiki moja, kazi ikaendelea. Hakuna kiwanda kilichofungwa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyemwaga unga. Lile dubwana tulilotishiwa nalo miaka yote, lililomfanya Tebbutt aachwe afe na gurudumu lake, lilikuwa ni hilo tu. Mimi nilitaka kuacha kazi siku ileile, Reg akanikatalia. "Usiniletee ushujaa wako hapa," alisema. "Makaa ya mama atanunua nani?" Nikarudi kushona viti, na Desmond akajifanya hajasikia nilichosema Northampton, kwa sababu hakupata mwingine wa kuvishona.

Reg akapata kazi kwenye karakana ya mabasi. Mji ulimfanya kichekesho. Akiingia baa, mtu atamwita, "Fensome, hebu njoo uangalie pini ya baiskeli yangu." Kwenye karakana walimning'inizia bisibisi kwa kamba ya rangi siku ya Krismasi. Whinnett alipata nafasi ya tatu na gari lile mwezi mmoja baadaye, picha yake ikatoka gazetini, na watu wakamletea Reg ukurasa ule ili ausome. Aliusoma. Akasema kona ameichukua vibaya.

Beryl peke yake ndiye aliyekuja. Alisimama kwenye lango letu na mtoto kwenye kigari, hakukubali kuingia, labda mumewe hakujua. Alimwambia Reg, "Hata mimi nilitaka kuiona ile pini," kisha akazungumza habari za baridi na akaenda zake. Reg alimsindikiza mpaka kituo cha basi, naye hakuwa mtu wa kusindikiza watu.

Miaka ikapita. Inskip ikahama kutoka kwenye mvuke wa kofia ikaenda kwenye jengo jipya lenye vioo, magari yake yakashinda mpaka ng'ambo. Lakini fremu zilianza kupasuka kwenye viungo. Vijana wapya walichomelea haraka na kwa kuringa, na vyuma vilizidi kuwa vyembamba kila mwaka. Jumamosi moja jioni tulikuwa baa, mimi na Reg, Desmond akaingia. Masharubu yalikuwa yameota mvi. Akatununulia vinywaji, akakaa bila kukaribishwa.

Akasema anamtaka Reg arudi, kama mkuu wa wachomeleaji wote, kwa mshahara ambao dereva wa basi angeuota tu. Reg akazungusha glasi yake. Nilimwona anautaka. Alikuwa anakohoa moshi wa mabasi na alikuwa anazipenda zile fremu. Alizipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, mimi nikiwemo.

"Jambo moja tu," akasema Desmond, akainua kiganja kama mtu anayeomba kitu kidogo. "Vijana wanaijua ile hadithi. Siwezi kuwa na mkuu anayefungua gari la mteja kila anapojisikia. Waambie ulikosea siku ile. Basi. Maana pini ilikuwepo, Reg. Wewe mwenyewe uliiona."

Baa nzima ilikuwa inasikiliza, si unajua watu wanavyojifanya wanaangalia mchezo wa kurusha mishale ubaoni.

"Ilikuwepo," akasema Reg. "Nami nilijua kwamba ipo kwa sababu nilifungua." Akaweka glasi chini, na kwa mara ya kwanza tangu Bedford nikasikia sauti yake haina kelele wala ukimya ule wa kutisha, inauliza tu. "Gari la Tebbutt wewe ulilifungua lini, Desmond?"

  Desmond akachukua koti lake akatoka, kinywaji chake akakiacha kimejaa, na Jumatatu Reg alikwenda kazini kwenye mabasi.